Uso Usihame Bila Kuaga

Mgeni aliingia bila kubisha hodi. Karatu, wanaoingia hivyo ni wa aina mbili tu: mbuzi na wagombea udiwani. Huyu hakuwa mbuzi, kwa kuwa alivaa skafu shingoni, na hakuwa mgombea, kwa kuwa hakuwa na fulana za kugawa. Alisimama katikati ya ghala, akavua miwani ya jua, akajizungusha taratibu kama mtu aliyeitwa kuikagua dunia akaikuta bado inapigwa lipu.

Vumilia alikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Ndiyo sababu hakuweza kumwuliza kitu, na ndiyo sababu mgeni alipata nafasi ya kusema kwanza. Wengi waliowahi kumpa Leodegar Tarimo nafasi ya kusema kwanza wamejuta.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameteremka kwenye basi kabla ya safari yake kwisha. Alikuwa akielekea Musoma kulipumzisha jina lake, ambalo Arusha lilikuwa limechoka sana, ndipo akakitambua kisogo cha mama aliyeketi siti ya mbele. Aliwahi kumuuzia mama huyo kiwanja. Kiwanja kilikuwa kizuri, kasoro yake moja tu: kilikuwa na wakazi tayari, wote wamelala humo miaka mingi, kila mmoja chini ya msalaba wake. Basi Leodegar akashuka kimyakimya, upepo ukamvurumishia vumbi jekundu, naye akaingia kwenye mlango wa kwanza uliokuwa wazi.

Ndani, kuta zote nne zilikuwa na watu. Hapakuwa na simba. Hapakuwa na tembo mbele ya jua linalozama, wala Wamasai wembamba kama njiti za kiberiti, wale wanaouzwa barabarani kwa watalii wenye haraka. Palikuwa na watu wa Karatu, wamechorwa kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, wakubwa kuliko walivyo: Blandina, anayeuza vitunguu vya Mang'ola stendi, amefumba jicho moja kwa sababu ya moshi, Marseli fundi baiskeli, na spoku mdomoni, Joshua, dalali wa ng'ombe mnadani, ameshika kopo lake la rangi, ile anayowapaka ng'ombe waliokwisha kuuzwa. Na ukuta wa mbele, peke yake, bibi wa Kimasai mwenye sikio lililochanika, akimtazama Leodegar kana kwamba yeye ndiye aliyetundikwa.

Leodegar alikwepesha macho, akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara palisimama hoteli mpya ya ghorofa tatu, kuta zake nyeupe tupu kama daftari la mwanafunzi mtoro. Macho yake yakarudi kwenye picha. Yakaenda hotelini. Yakarudi.

"Nani amekuruhusu kutundika kazi hizi?" aliuliza kwa uchungu mkubwa.

Vumilia akatemea misumari kiganjani. "Shikamoo. Ghala ni la shangazi yangu."

"Shangazi!" Leodegar akafumba macho. "Kazi za kiwango hiki, kwa ruhusa ya shangazi. Samahani, dada, nimeguswa. Naitwa Leodegar Tarimo. Mimi ni kyureta."

Neno hilo Vumilia alilisikia chuoni Bagamoyo, kwa wageni waliokuja kuandaa maonyesho, wakatembea polepole ukumbini, wakaondoka. Tangu arudi nyumbani Ganako, hapa hapa Karatu, hakuna aliyelitamka mbele yake. Waliotamka chochote waliuliza kwa nini binti msomi anachezea mkaa ambao ungeivisha maharage. Alikuwa amechora miaka miwili, na Jumamosi hiyo ndiyo yangekuwa maonyesho yake ya kwanza, ya peke yake. Tusimcheke, basi, alivyoteremka ngazi kwa haraka. Mtu aliyesubiri mgeni muda mrefu hamwombi kitambulisho.

"Kyureta wa wapi?"

"Wa hapa na pale," alijibu Leodegar, na hilo, kwa haki, lilikuwa kweli.

Kufikia jioni alikuwa amehamisha picha nne, ameagiza chai kwa hesabu ya shangazi, na amegundua mteja. Mteja aliitwa Bwana Haraldi, wa Ujerumani, mtu mwenye pesa na macho mabovu kiasi cha kutosha. Haraldi alipiga simu mara kwa mara, kila mara Vumilia alipokuwa amekwenda kuteka maji. Kesho yake asubuhi, kando ya picha nyingi palikuwa na vidoa vyekundu vya stika, vile wenye maduka wanavyobandikia bei.

Vumilia alijua maana yake. Kwenye maonyesho, picha iliyouzwa hubandikwa doa jekundu, nayo hubaki ukutani mpaka siku ya mwisho. Akaweka ndoo chini.

"Haraldi?"

"Haraldi. Nilimtumia picha kwa simu. Amelia."

"Kweli?"

"Wajerumani hulia kwa ndani, lakini nilimsikia." Leodegar alibandua stika nyingine, akaipeleka kwenye uso wa bibi mwenye sikio lililochanika.

"Hapana!" Vumilia akamshika mkono. "Hiyo haibandikwi. Haijaaga."

Leodegar hakuelewa, na kabla hajaeleweshwa simu ya Vumilia iliita juu ya kiti. Mikono ya binti ilikuwa nyeusi kwa mkaa. "Huyo ndiye mwenyewe. Mpokee, tafadhali, uweke sauti ya nje."

"Haloo, Ofisi ya Maonyesho."

"Wewe siyo Vumilia," ilisema sauti ya mwanamke mzee, kali, ya mtu aliyezoea kuongea na walio upande wa pili wa bonde.

"Mimi ni msimamizi wake, mama."

"Mama alikuwa mama yangu. Mimi ni koko, nina wajukuu. Naitwa Naishorua, niko Nainokanoka, huku juu Ngorongoro. Uso wangu uko hapo?"

"Upo, Koko."

"Sikio la kushoto limechanika au ni zima?"

Leodegar akachungulia. "Limechanika."

"Basi ni mimi. Sasa sikiliza wewe msimamizi. Nilimwambia huyo binti pale mnadani: kuchora, chora, lakini uso wangu usihame bila kuaga. Upite kwangu kwanza niutazame, ndipo uende unakokwenda. Akakubali. Wewe unakubali?"

"Nakubali kabisa. Nitauleta mimi mwenyewe."

"Unasema kwa mdomo au kwa tumbo?"

"Kwa vyote viwili, Koko."

"Sawa. Nipe namba yako. Kuanzia leo nakuwekea maziwa kwenye kibuyu. Usipokuja nitayamwaga, na aibu haitakuwa ya ng'ombe."

Leodegar alikuwa na laini za simu kama mchawi alivyo na hirizi, kila moja kwa kazi yake. Hajui mpaka leo kwa nini alitaja ile ya kweli. Labda ni kwa sababu tangu atoke kwa mama yake Rombo, hakuna mtu aliyewahi kumwekea kitu cha kunywa. Waliomwekea, walimwekea mtego. Alikohoa, akalaumu vumbi la mkaa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajanawa uso, simu iliita. "Maziwa yapo," sauti ilisema, ikakata.

*

Ukumbi wa hoteli ya Mzee Benson ulinukia rangi mbichi. Mwenyewe alikuwa ameketi katikati kwenye sofa iliyokuwa bado na nailoni, ikilia kila alipopumua. Alianza kwa kuuza vitunguu, akahamia viazi, akahamia watalii, na kote huko alikuwa na kanuni moja: usinunue kitu mpaka mwingine akitake.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi," alisema Leodegar.

"Kwa lipi? Sikujui."

"Kwa kuchelewa. Zile picha za ng'ambo ya barabara, Mjerumani ameshazibandika madoa."

"Picha gani? Zile za mkaa?" Benson alicheka, sofa ikacheka naye. "Chalii wangu, nimepita pale. Mmoja ni Blandina wa vitunguu! Kwa nini nimnunue Blandina wa karatasi wakati wa nyama namwona bure stendi?"

"Swali hilo Mjerumani hakuuliza."

Sofa ikanyamaza. Hakuna kinachomuuma tajiri wa Karatu kama wazo kwamba Mzungu amewahi kitu kilichokuwa mlangoni kwake.

"Zinapanda bei, hizo?"

"Mzee, viwanja ndivyo vinavyopanda bei. Hizi zinapaa. Na fikiria mtalii: ameshuka kreta ya Ngorongoro, amechoka, ameona vifaru kwa mbali kama mawe. Anaingia hapa, anakuta kuta zimejaa watu wa mji huu huu, na chini yake umekaa wewe. Atajua amefika kwa mwenyeji. Sasa anakuta nini? Anakuta lipu."

Benson alizitazama kuta zake, na kwa mara ya kwanza zilimtia haya. "Huyo Mjerumani hawezi kuondolewa?"

"Kwa malipo ya awali ya mtu mwenye uzalendo, anaweza."

"Ataambiwa nini?"

"Kwamba Tanzania imekataa."

Hilo lilimpendeza Benson mno. Lakini alikuwa Benson. "Pesa nitakupa Jumamosi, mbele za watu, tupigwe picha. Sitoi hela gizani kama nanunua pembe." Kisha akakunja jicho. "Na yule bibi wa ukuta wa mbele, mbona hana doa?"

"Yule hauzwi, Mzee."

"Ndiye ninayemtaka."

Leodegar alitoka akipiga mluzi. Mpango wake ulikuwa mfupi na safi: Jumamosi apokee bahasha, watu wapige makofi, na makofi yakiwa bado ya moto yeye apite mlango wa nyuma, apande gari lolote linaloondoka. Vumilia angebaki na madoa. Wazo hilo la mwisho lilimkera kidogo, kama punje ya mchanga kwenye wali, lakini wali alikuwa ameshazoea kuula hivyohivyo.

*

Jumamosi ghala lilijaa. Shangazi alikaanga maandazi mpaka mafuta yakaisha. Walikuja walimu, madereva wa watalii waliokosa safari siku hiyo, kwaya iliyodhani kuna harusi, na zaidi ya wote, walikuja waliochorwa. Walivaa nguo za Krismasi. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye picha yake, akasimama hapo, akijifanya anatazama ya jirani.

Vumilia alikuwa amejibanza mlangoni. Kwa miaka miwili aliwaambia watu hawa: niruhusuni niwachore, sitawaaibisha. Aliwatazama wakijitazama, akasahau hata kula andazi lililokuwa mkononi mwake.

Leodegar akahutubia. Alisema kuhusu sanaa, utu, na mchango wa sekta binafsi. Mzee Benson akapanda mbele, akainua bahasha ya kaki iliyonona, akaikabidhi kwa mikono miwili huku simu zikimulika. Makofi yakapigwa. Leodegar akainama, akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyuma ya pili. Mlango wa nyuma ulikuwa palepale.

"Hii ni nini?" iliuliza sauti.

Alikuwa Joshua dalali. Kidole chake kilikuwa kwenye doa jekundu, kando ya uso wake mwenyewe.

"Ni alama, Baba Joshua," alijibu Vumilia kwa fahari. "Maana yake picha yako imeuzwa."

Joshua akasogeza uso karibu na doa. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa hiyo: kusimama mnadani na kopo la rangi nyekundu, na kila ng'ombe aliyeuzwa kumpaka mgongoni. Alilitazama doa kama daktari anavyotazama sindano inayokuja upande wake.

"Nani amepaka?"

"Mimi, mzee wangu," alisema Leodegar, hatua ya tatu ikiwa hewani.

"Mwenye mali alikuwepo?"

"Mwenye mali?"

"Usinirudishie swali, kijana. Mnadani ng'ombe hapakwi rangi mpaka mwenye ng'ombe ashikane mkono na mnunuzi, watu wakiona. Ukimpaka mwenyewe hayupo, huo ni wizi wa mifugo, hata ungekuwa na tai. Haya. Huyu ukutani ni nani?"

"Ni wewe."

"Na mwenye mimi ni nani?"

Ulimi wa Leodegar, ambao ulikuwa umeuza makaburi, ulijikwaa. "Ni... wewe pia?"

"Basi mimi sijashikana mkono na mtu."

Minong'ono ikazunguka ukuta hadi ukuta. Blandina akageuka kwa kishindo. "Kumbe na mimi nina doa! Nimeuzwa lini? Mume wangu anajua?"

"Mimi nina mawili!" alipiga kelele Marseli fundi baiskeli. "Jamani, nimeuzwa mara mbili!"

"Tuliambiwa tunaonyeshwa! Hatukuambiwa tunauzwa!"

"Ndugu zangu," Leodegar aliinua mikono, bahasha ikiwa katika mmojawapo, jambo ambalo halikuwa la busara, "hiyo ni desturi tu ya kimataifa..."

"Na hiyo kaki ni ya kimataifa?" aliuliza Blandina.

Joshua akapanda juu ya kreti ya soda, na palepale ghala likawa mnada. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu wa utaratibu aliyekuta utaratibu umekosewa, na hilo ni baya zaidi. "Kila mwenye uso asimame kando ya uso wake. Hakuna mali inayotoka hapa bila mkono. Aliyepaka rangi kwanza ni nani?"

"Mjerumani," alisema Benson.

"Aitwe."

Macho yote yakamwendea Leodegar. "Mjerumani," alisema, "amejitoa."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Vumilia alikuwa amefika karibu naye. Alimtazama usoni kama anavyowatazama anaowachora, bila kupepesa, mpaka kilichokuwa ndani kikaanza kuonekana nje.

"Hakuna Haraldi," alisema polepole.

"Kuna Wajerumani wengi sana, dada," alinong'ona Leodegar.

Wakati huo Mzee Benson alikuwa na tatizo lake mwenyewe. Alishapigwa picha akiwa mzalendo. Kurudisha bahasha mfukoni mbele ya mji mzima kulikuwa kugumu kuliko kuitoa, na isitoshe, watu sasa walikuwa wakigombania picha zile, na kitu kinachogombaniwa alikuwa hawezi kukiacha. Akasogea kwa Joshua, akanyoosha mkono. "Haya, shika. Uso wako naununua."

"Kwanza tupatane," alisema Joshua. "Mimi siyo ndama."

Nikisema mnada ulifana, nimepunguza. Benson alizunguka ukuta mzima akibishana na watu kuhusu thamani ya nyuso zao. Blandina alidai nyongeza kwa sababu ya jicho lililofumbwa: angelifumbua, alisema, picha ingekuwa ya kawaida. Marseli alitaka kulipwa kwa madoa yote mawili, akapewa moja na andazi. Kila mkono uliposhikwa, Joshua alimwita Leodegar kwa jina, na Leodegar, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino, alichomoa kutoka kwenye bahasha.

"Na mchungaji," alisema Joshua. "Ng'ombe hanenepi peke yake. Aliyetutazama mpaka tukawa hivi, fungu lake linakuwa kubwa kuliko yote."

Akamwelekea Vumilia. Watu wote wakapiga makofi, safari hii bila kuambiwa, na Vumilia akajifuta macho kwa mkono wenye mkaa, akawa na masharubu mpaka jioni.

Bahasha iliporudi kwa Leodegar ilikuwa tambarare. Ndani mlikuwa na noti iliyobaki, moja. "Hiyo ni ya dalali," alisema Joshua kwa heshima. "Dalali hanyimwi." Hakukuwa na dhihaka yoyote kwenye sauti yake, na ndiyo sababu ilimchoma sana Leodegar.

*

Asubuhi iliyofuata Leodegar alirudi ghalani kuchukua miwani yake. Vumilia alikuwa peke yake, akiifunga picha ya Koko Naishorua katikati ya mbao mbili nyembamba.

"Ulinidanganya," alisema, bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Picha zimenunuliwa, hata hivyo."

"Hilo halikuwemo kwenye mpango."

"Najua." Akafunga kamba fundo la mwisho. "Katika maneno yako yote, limebaki moja ambalo halijaharibika. Ulimwambia Koko utampelekea uso wake."

"Nilisema tu, dada."

"Yeye hakusikia hiyo 'tu'." Akamnyooshea ule mzigo.

Joshua, aliyekuwa akiingia kumsaidia kutoa ngazi, alisimama mlangoni. "Binti! Unamkabidhi fisi bucha?"

Vumilia aliukaza mzigo kifuani kwanza, kwa maana ile ndiyo ilikuwa picha yake bora, na neno lake lilikuwa limefungwa humo pamoja nayo. "Nikimnyima, Baba Joshua, hatutajua kamwe kama angelishika neno lake. Nimemchora kichwani tangu jana. Kuna mahali usoni pake bado sijapaelewa." Kisha akamwambia Leodegar, "Ni mkaa. Usiikunje, usiilaze, isipate maji. Ibebe wima."

Leodegar alitoka ameibeba wima. Hakufika mbali. Kwenye njia panda, gari la Mzee Benson lilisimama mbele yake, kioo kikashuka.

"Ni yeye huyo humo?"

"Ni yeye."

"Mwenyewe hakuwepo jana kusimama kando ya uso wake. Kwa hiyo hakuna wa kushika mkono, si ndiyo?" Benson alitabasamu. "Niletee hapa. Nitakupa wewe, mkononi mwako, kuliko bahasha yote ya jana. Hakuna mnada, hakuna mchungaji."

Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote ambazo Leodegar alikuwa amezisikia Karatu. Upande wa kushoto lilikuwepo gari la Benson. Upande wa kulia lilikuwepo pikapu la wauza duka, limejaa unga na sabuni, likijiandaa kupanda Nainokanoka. Simu ikaita.

"Maziwa yapo," ilisema sauti. "Ya leo ni mapya."

"Niko njiani, Koko," alisema Leodegar. Maneno hayo alikuwa ameyasema maelfu ya mara maishani mwake, akiwa kitandani, akiwa kwenye baa, akiwa mkoa mwingine. Safari hii alijisikia akiyasema, akajitazama miguu: viatu vyake vilikuwa vimeelekea kulia.

"Mzee," alimwambia Benson, "haijaaga."

"Haijafanya nini?"

"Nipigie mchana."

"Mchana naondoka kwenda Dodoma. Nitapiga mara moja tu. Usipopokea, nanunua televisheni kubwa niweke pale, yaishe."

Kwenye geti la hifadhi, kiingilio kiliimeza noti ya dalali. Baada ya hapo barabara ilipanda msituni, ukungu ukashuka mitini, na Leodegar alisimama nyuma ya pikapu kati ya magunia, amekumbatia mbao mbili kama mtu anayecheza dansi na mlango. Manyunyu yalipoanza alivua skafu, akaifunga juu ya picha. Bila skafu hakubaki na dalili yoyote ya ukyureta. Alipiga chafya mpaka Nainokanoka.

Naishorua alikuwa nje ya boma, amesimama na fimbo, shanga zimejaa kifuani. Alikuwa mfupi kuliko picha.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Umekonda kuliko sauti yako. Fungua."

Akafungua. Hapakuwa na ukuta wa kutundikia, na ardhi ilikuwa na umande, kwa hiyo akainua picha mbele ya kifua chake, mikono yote miwili kwenye pembe. Bibi akasogea. Nyuso mbili zikatazamana, na kwa muda hakuna hata moja iliyoshusha macho. Naishorua akagusa sikio lake la kushoto. Kisha akapeleka kidole kwenye lile la karatasi, karibu sana, bila kuligusa.

"Sidai," alisema. Kwa Kimasai, maana yake ni nzuri. Akageuka, akaita kwa ile sauti ya kuvuka bonde.

Wakaja. Wakaja wakamwana na watoto mgongoni, wakaja wazee na mablanketi yao, wakaja wa boma la jirani.

"Amekuzidishia ukali!" alisema mzee mmoja.

"Amepunguza," alijibu mwingine, na boma zima likaangua kicheko, Naishorua akicheka kuliko wote. Akatoa simu kwenye shuka lake, akapiga Karatu.

"Vumilia? Uso wangu umefika salama. Umekuja na ukuta wake." Akasikiliza. "Ndiyo, huyohuyo. Amesimama hapa, anatetemeka, lakini haangushi. Mbona unalia, binti? Sikio umelipatia."

Mikono ya Leodegar ilikuwa imeanza kuwaka moto mabegani. Hapo ndipo simu yake ikaanza kuita, ndani ya mfuko wa suruali. Ilikuwa mchana, na aliijua ni ya nani.

"Simu yako hiyo," alisema Naishorua.

"Naisikia, Koko."

"Hupokei?"

"Nikipokea, uso wako utaanguka."

Bibi akaitazama suruali inayoita, akamtazama mwenye suruali. "Basi usipokee. Wa ng'ambo ya mlima bado hawajafika. Maziwa utakunywa ukimaliza kazi."

Simu iliita mpaka ikachoka, ikanyamaza, na haikuita tena. Leodegar alivuta pumzi, akainua picha juu zaidi, ili na wale wa nyuma waone.